Naombeni ushauri: ndugu wa mke wamejaa nyumbani, niko Papua New Guinea

MtuWaGeita:
Habarini za muda huu wakuu, heshima kwenu. Mimi ni Mtanzania ila maisha yamenileta Port Moresby, Papua New Guinea, ile nchi iko juu kidogo ya Australia, nimeoa huku na tuna mtoto mmoja wa kike. Nina jambo linaninyima usingizi na huku sina wa kumwambia maana kila ninayemfahamu ni ndugu wa mtu anayehusika.

Nyumba yetu ni ya vyumba vitatu, ya kazini, lakini usiku ukitoka kwenda chooni inabidi uvuke miguu ya watu sebuleni. Ni ndugu wa mke. Wanapanda ndege kutoka Mount Hagen huko milimani kwao, mtu anashuka na bilum begani, ule mfuko wao wa kusuka, ndani kuna viazi vitamu na nguo mbili, anafika getini anasalimia vizuri kabisa halafu anaingia. Hakuna aliyepiga simu kuuliza kama kuna nafasi na hakuna anayesema ataondoka lini. Wengine wanatafuta kazi, wengine wanasoma, mmoja alikuja kutibiwa akapona na bado yupo. Mshahara huku unaingia kila wiki mbili, na ile Ijumaa ya mshahara wanaongezeka na wa mitaa mingine. Mchele unaisha, luku inaisha, na bei za huu mji ni za kutisha.

Swali langu, mwanaume akiamua kuhamisha familia yake ndogo kwenda sehemu ndogo zaidi ili ipumue, amekosea? Waifu ni mwanamke mzuri sana ila kwenye suala la ndugu haelewi kabisa. Naombeni ushauri wa kujenga, matusi hapana.

Kijiwe_Mbezi:
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wahenga walishaimaliza hii kesi mkuu. Hama.

MamaWaPangani:
Mwanangu pole sana. Mimi niliolewa nikakuta nyumba ina mama mkwe, wifi, watoto wa wifi, na shemeji aliyekuwa anasoma, chumba chetu pazia ndio mlango. Nililia sana mwanzoni, kwetu tulikuwa wachache. Lakini leo baba watoto ametangulia mbele za haki na mtoto wa wifi niliyekuwa namwogesha yuko Muscat, ananitumia hela ya dawa kila mwezi na hajawahi kunipa nafasi ya kuomba. Usimfukuze mtu kwa ajili ya mchele.

MtuWaGeita:
Asante mama. Sijasema nafukuza mtu, nasema nihame mimi.

Bedsita_Kisauni:
Buda mimi niliishi na mashemeji wanne kwa bedsita hapa Mombasa. Wanne. Wakubwa wote, wana ndevu. Nikamwambia mke chagua, akachagua, akaenda nao. Saa hii nina nafasi tele nyumbani na hakuna mtu wa kuniuliza nimekula. Fanya hesabu yako vizuri.

DadaMkali:
Mimi nataka kujua vitu viwili. Kwanza hao watu wote nani anawapikia? Maana umelalamika mchele unaisha ila hujasema nani anachochea moto. Pili mahari ulitoa? Maana nimesoma kidogo kuhusu watu wa milimani huko, mahari yao si ya kutania, ni nguruwe na pesa mbele ya watu wote.

MtuWaGeita:
Anapika waifu na wadogo zake wa kike, wanaume wanatafuta kuni siku wakifanya mumu, ule upishi wa mawe ya moto chini ya ardhi. Mahari ilishalipwa yote, hiyo haihusiani na nilichouliza.

Mjomba_wa_Kyela:
Mahari ikishalipwa hao hawana chao. Tatizo vijana mnaoa mbali bila kupeleleza ukoo. Sisi zamani unatumwa mshenga anakaa kijijini wiki nzima anaangalia kama baba mkwe ana madeni. Ona sasa umeoa bara lingine na ukoo mzima umeingia sebuleni.

Juma_Ajira:
Mkuu nje ya mada samahani, huko fundi umeme wa migodini wanachukua? Nina vyeti.

DadaMkali:
MtuWaGeita "ilishalipwa" na nani? Umeandika mahari ilishalipwa, hujaandika nimelipa.

Kijiwe_Mbezi:
Dada huyu ni wakili 😂

MtuWaGeita:
Dada naona unataka kunichimba. Ililipwa kwa utaratibu wa huku. Huku mwanaume halipi peke yake.

DadaMkali:
Kwa hiyo alikuchangia nani, maana wewe ndugu zako wako Geita.

MtuWaGeita:
Sawa wacha niseme maana naona bila hii hamtaniacha.

Nilikuja huku kikazi kwenye mgodi milimani. 2020 kazi ikasimama na mipaka ikafungwa kwa korona, sina ndege ya kurudi, sina nyumba. Kuna jamaa tulikuwa shifti moja, wa Hagen, akasema wewe twende kwetu. Nikaenda. Wale watu hawakuniuliza dini wala nitakaa mpaka lini, wakanipa nyumba ya nyasi ya mdogo wake aliyekuwa mbali, wakanikatia mistari ya viazi vitamu nilime, mama yake akawa ananiita mwanangu. Ardhi huku karibu yote, kama asilimia 97, ni ya koo, serikali haina, na mtu asiye na ukoo hana hata pa kuchimba shimo. Mimi nilipewa.

Huko ndiko nilimpata waifu, wa ukoo wa ng'ambo ya mto, maana ndani ya ukoo mmoja hawaoani. Nilipotaka kuoa sikuwa na kitu. Yule jamaa akasimama mbele ya wenzake akasema huyu ni ndugu yetu, tumwolee. Kila mtu akatoa, huyu nguruwe, huyu kina mia tano, hela ya huku, huyu elfu moja, mama mmoja mjane akatoa nguruwe wake wa pekee aliyekuwa anamtunza kama mtoto. Nguruwe mkubwa kule ni maelfu ya kina, na kina moja ni mamia ya shilingi za kwetu. Wakawapanga kwa kamba kwenye vigingi, pesa zikabandikwa kwenye fremu kila mtu aone, ndivyo nilivyooa.

Sasa wengi wa walioko sebuleni ndio hao na watoto wao. Wa mke wapo lakini wachache.

MamaWaPangani:
Subhanallah. Mwanangu.

Mjomba_wa_Kyela:
Aisee. Nafuta kauli yangu ya hawana chao.

Jicho_la_Tatu:
Ngojeni kwanza, mbona mnalia mapema. Mimi hii nainusa ni chai. Kwanza posti ya juu kasema "ni ndugu wa mke" mara mbili, sasa ni ndugu zake yeye. Pili watu hawana hela ya mchele ila wana nauli ya ndege? Ndege? Si wangepanda basi kama binadamu wengine. Tatu Mtanzania wa Geita analima viazi Papua, jamani. Huyu kakaa Tabata kafungua ramani. Uzi bila picha haujakamilika.

Kijiwe_Mbezi:
Hapo kwenye ndege hata mimi nilijikuna kichwa.

Bedsita_Kisauni:
Ata mimi nilishaanza kumhurumia, sasa najiuliza. Na nguruwe wa mjane, hiyo imekaa kama ya kutunga.

Juma_Ajira:
Kama ni chai basi nirudishieni muda wangu, nilishaanza kutafuta pasipoti.

MtuWaGeita:
Picha za familia siweki, wengine hawajaniruhusu. Ila Jicho_la_Tatu hakuna basi. Port Moresby ni mji mkuu usio na barabara ya kwenda milimani wala mji wa Lae, fungua hiyo ramani unayosema uone. Ile Highlands Highway inaanzia Lae inapanda Goroka mpaka Hagen na kuendelea, Moresby iko upande mwingine wa milima. Ndiyo maana ndege. Na nauli mtu hajitolei mwenyewe, inachangwa na wengi, kwa hiyo anayefika kwangu kabeba tumaini la wengi, ndiyo maana hawezi kurudi mikono mitupu hata kama amekosa kazi.

Kusema ndugu wa mke ni kwa sababu ndivyo ningeeleweka kwenu. Ningeanza na "ukoo ulioniokota" mngesoma?

Mchuma_Nyanya_QLD:
Jicho_la_Tatu punguza presha. Mimi niko Australia, Queensland, Bundaberg, mashambani, nafanya kazi na vijana wa Vanuatu na visiwa vya Solomon wanaokuja kwa mikataba ya msimu. Anachosema huyu nakijua kwa macho. Jamaa yangu mmoja wa Malaita, kisiwa kimoja cha Solomon, alipopata mshahara mkubwa wa mwanzo mimi nilidhani atanunua simu, akatuma karibu yote mahari ya kaka yake. Kule Malaita mpaka leo mahari inaenda na fedha za makombe ya baharini, nyuzi ndefu wanaziita tafuliae, zinatengenezwa kwenye wangwa wa Langalanga. Nilimuuliza mbona unajimaliza, akasema kaka akioa bila mimi nitaoaje bila yeye. Wantok wanaitana, watu wa lugha moja, na Papua ina lugha zaidi ya 800, kwa hiyo mkikutana mjini mnaoelewana lugha huyo ndiye polisi wako, benki yako na bima yako.

Mkuu MtuWaGeita nikuulize kimoja kama kweli uko Moresby. Tarehe 10 Januari 2024 ulikuwa wapi?

MtuWaGeita:
Siku ile siisahau. Polisi waligoma asubuhi kwa ajili ya makato ya mishahara, mchana maduka yanavunjwa na kuchomwa, moshi kila upande, watu zaidi ya 20 walikufa, serikali ikatangaza hali ya hatari. Mimi nilikuwa ndani na mtoto. Vijana wa sebuleni walitoka wote wakasimama getini na mapanga mpaka kukakucha. Kundi lilikuja likaongea nao, wakatajiana ukoo, likapita.

Jicho_la_Tatu:
Sawa. Hiyo ya Januari nilishawahi kuiona kwenye habari, na barabara nimeangalia, kweli haipo. Naondoa neno chai. Ila sasa nakasirika zaidi ndugu yangu. Waliokulinda usiku ule ndio unawahesabia mchele?

MtuWaGeita:
Siwahesabii. Mnajua kuishi bila kuwa na saa moja peke yako na mke wako? Mtoto analala saa ngapi kama watu wanacheza karata na kutafuna buai, zile popoo, mpaka usiku? Nampenda kila mtu mle ndani na bado siwezi kupumua, vyote viwili ni kweli.

DadaMkali:
Hilo nakuelewa na sikulaumu. Lakini umeuliza "mwanaume akiamua kuhama". Umeshaamua au unauliza?

MtuWaGeita:
Nimeshalipa dipoziti. Ni fleti ya vyumba viwili kwenye kampaundi yenye walinzi, na masharti yao mgeni halali bila kuandikishwa na mwisho ni wageni wawili. Kwa hiyo siyo mimi nitakayemkatalia mtu, ni masharti ya kampaundi. Hapo sitamuudhi yeyote. Waifu bado sijamwambia, nangoja tarehe ikaribie ili maneno yasiwe mengi.

Mjomba_wa_Kyela:
Yaani umejificha nyuma ya mlinzi.

MtuWaGeita:
Nimetafuta njia isiyo na ugomvi mzee wangu. Ningewaambia uso kwa uso ndiyo ingekuwa heshima?

Mjomba_wa_Kyela:
Ndiyo.

MamaWaPangani:
Mwanangu mimi naogopa jambo moja. Mkeo akija kujua kutoka kwa mlinzi wa geti kwamba kaka zake hawaruhusiwi kulala, wewe utamwangalia na macho gani?

MtuWaGeita:
Mama niliwahi kumgusia tu kwamba watu ni wengi. Alinijibu neno moja, akasema nguruwe waliokwenda kwa baba yangu hawakuwa wako. Kwa desturi yao yeye ameolewa na ukoo ule, mimi nimeozwa humo humo tu. Ndiyo maana sitaki kumwambia mapema.

DadaMkali:
Hapo amemaliza yote. Na bado kuna kitu umebakiza, nakuona. Kwa nini sasa hivi? Wamekaa muda wote huo, umevumilia, kwa nini dipoziti umelipa sasa?

MtuWaGeita:
Mtoto wa yule jamaa wa shifti anaoa. Kijana mwenyewe anakaa kwangu, analala kochi la dirishani. Ukoo unakusanya, na wote wanajua mimi nina mshahara wa mjini. Hakuna aliyenitajia kiasi. Hakuna hata mmoja aliyeniambia unadaiwa. Wanakuja tu, wanakaa, wananiangalia vizuri, tunakula. Nisipotoa chochote watanyamaza vilevile, na hapo ndipo pabaya maana baada ya hapo nikifiwa sijui nani atakaa kwenye haus krai yangu, ule msiba wao watu wanalala chini wiki nzima wanalia na wewe na kila mtu anakuja na gunia na hela. Nikitoa cha kutosha ada ya mtoto inaisha. Nikitoa kidogo mbele ya watu wote kwenye fremu, kila mtu anaona.

Bedsita_Kisauni:
Kumbe hii kitu sio wageni. Ni deni limekuja kukaa kwa kochi.

Mchuma_Nyanya_QLD:
Bedsita umesema ila sio deni la benki. Nimeishi na hawa watu, nitakwambia ninavyoelewa. Deni la benki ukilimaliza hamjuani tena. Hawa hawataki umalize, wanataka uendelee kuwa wa kuwapa na kupewa. Hagen kwenyewe kuna ule utaratibu wa zamani wa moka, mtu akikupa nguruwe kadhaa wewe unarudisha na nyongeza, na jina linakwenda kwa aliyetoa zaidi, kisha mwenzako naye anakutafuta msimu mwingine. Ukihama na kujificha kwenye kampaundi unawaambia tumemalizana. Sidhani ndicho unachotaka kuwaambia.

Kwa hiyo ushauri wangu, usitoe kwa siri kumtumia kijana kwenye simu ili yaishe. Siri haina jina kule. Panda ndege na mkeo, nenda siku ya mahari, toa mbele ya watu unachoweza na useme kwa mdomo wako mengine yanakuja mtoto wangu akimaliza shule. Wanaelewa mtu wa polepole, wanachukia mtu wa kupotea. Na nyumba uongee na yule jamaa wa shifti kwanza, yeye ndiye aliyekuingiza, yeye ndiye wa kuwaambia vijana sasa walale kwa zamu, wengine kwa wantok wa mtaa mwingine. Kule mkubwa akisema inasikika kuliko wewe.

Kijiwe_Mbezi:
Huyu wa nyanya apewe uzi wake.

Mjomba_wa_Kyela:
Nakubaliana naye ila fleti aiache.

DadaMkali:
Mimi sikubaliani aiache. Mwanamke anayepikia watu wote wale kila siku naye anahitaji kupumua, kwani mmemuuliza? Mnaongea ukoo, heshima, nguruwe, na hakuna aliyeuliza huyo mke analala saa ngapi. Labda akiambiwa vizuri ataitaka hiyo fleti kuliko hata mumewe. Aambiwe leo, masharti ya geti na yote.

MamaWaPangani:
DadaMkali hapo umesema kweli na mimi nilipitiwa. Yale machozi yangu ya mwanzoni, nilikuwa naosha sufuria.

MtuWaGeita:
Nimewasoma wote. Dipoziti siombi irudishwe, hilo niseme wazi, nimeitafuta kwa shida na mtoto anahitaji kulala. Ila jana usiku nilimwambia waifu. Hakuongea muda mrefu, kisha akauliza fleti ina jiko la gesi au la umeme, halafu akasema twende kwanza Hagen ndiyo tuhame, tusihame kwanza halafu twende. Jamaa wa shifti nimempigia, mahari wanaipeleka mwezi ujao baada ya mavuno ya kahawa kuuzwa. Kanicheka akasema alikuwa anajiuliza nitapiga lini.

Nawaza kununua nguruwe hapa Moresby nimtangulize.

Mchuma_Nyanya_QLD:
Usimnunue Moresby, utamsafirishaje? Beba pesa, mnunue huko huko kando ya barabara kabla ya kufika kijijini, na mkeo ndiye amchague, wewe utauziwa mgonjwa. Mpeleke pia na huyo mama mjane kitu chake peke yake, usimchanganye na wengine.

MtuWaGeita:
Sawa mkuu. Wa mama mjane nitaanza naye.

Juma_Ajira:
Hongera mkuu. Kuhusu fundi umeme bado nasubiri.